Mjadala: Haidrojeni ya nyuklia Kenya, tuitake au tuikatae?

Kipepeo: Serikali inataka mtambo wa nyuklia. Tangu 2023 tuna pia mkakati wa haidrojeni, gesi inayotumika kutengenezea mbolea, tujitengenezee wenyewe. Mbona tusiviunganishe? Marekani, pale Nine Mile Point jimbo la New York, umeme wa nyuklia unatenganisha maji na haidrojeni inatoka. Shida yetu ni watu wa Pwani, huogopa hata kivuli chao. Si mliona Uyombo kule Kilifi, mtambo ulipopangwa kujengwa?

Bint Mida: Kivuli? Kaka, Uyombo watu waliandamana 2024 kwa sababu ya mikoko na ngalawa zao. Njoo ulale huku wiki moja, kisha utuite waoga.

Fundi Betri: Mimi huchaji betri za lori. Yale mapovu yanayochemka ndani ni haidrojeni hiyohiyo. Kijana wangu aliwasha sigara karibu, kifuniko kikagonga dari na asidi ikamtoboa shati. Kwa hiyo uoga si ujinga.

Mvuke: Usiku Olkaria, kwenye umeme wa jotoardhi, huachilia mvuke hewani kwa kukosa wanunuzi wa umeme. Haidrojeni tuanzie hapo, nyuklia ya nini?

Kipepeo: Dada, sikutukana mtu. Ila hata Lamu mtambo wa umeme wa makaa ya mawe mliukataa.

Bint Mida: Lamu leseni ilifutwa 2019 na baraza la mazingira, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Soma kwanza ndugu yangu.

Shombo: Si haidrojeni ndiyo iliyolipua mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani? Leo mnataka kuitengeneza kusudi!

Mwalimu Mstaafu: Shombo, pale hakuna aliyeitengeneza. Tsunami ya 2011 ilikata umeme, maji ya kupozea yakaisha, metali ya zirkoni inayofunika fueli ikapata joto kali na kukutana na mvuke, haidrojeni ikatoka yenyewe na kulipuka. Nawe Kipepeo, mfano wako unakusuta: Nine Mile Point wanapata kilo 560 kwa siku, na ya kwanza kabisa inaenda kupoza jenereta yao wenyewe. Kilo moja inakula yuniti za umeme zaidi ya 50. Nyumbani kwangu yuniti 50 ni mwezi mzima, na pasi nimeificha.

Shombo: Mwalimu pasi umeificha nani asiione? 😂

Mwalimu Mstaafu: Wajukuu.

Ja Bondo: Kumbe ndiyo maana sasa mtambo unaelekezwa kwetu Siaya. Pwani wamekataa, tubebe sisi?

Bint Mida: Si mnasema sisi waoga? Beba basi, shujaa.

Ja Bondo: Sikusema mimi, alisema Kipepeo! Nasi tuna ziwa, tuna samaki wetu ngege.

Shombo: Ngege ananuka tope. Changu wa Mida umpake nazi, ndipo tuzungumze.

Ja Bondo: Nyinyi nazi mnaitia kila kitu ili mfiche ubaya wa samaki wenu.

Kipepeo: Jamani, niliuliza habari ya mbolea.

Shombo: Mbolea iko kwenye ngege.