Naomba ushauri: ninunue ufito mtupu wa aina gani ili nijitengenezee fimbo ya kuvulia trauti?

Seremala wa Majengo (Moshi)

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni seremala mwenye karakana ndogo hapa Majengo. Mwaka jana mzee mmoja mgeni niliyemtengenezea makabati aliniachia zawadi alipokuwa anarudi kwao: rili, yaani kigurudumu cha kuzungushia mshipi, yenye mshipi wa kuvulia kwa nzi bandia (ndoana iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu), pamoja na kijisanduku cha nzi wenyewe. Fimbo yake ilikuwa imebanwa na mlango wa gari ikavunjika, kwa hiyo haikuwa na la kufaa. Tangu hapo, Jumamosi nikipata nafasi hupanda kwenye mito ya upande wa Machame na Siha kufuata trauti, wale samaki wa mito ya maji baridi, nikitumia fimbo ya kuazima ambayo mwenyewe ameanza kuidai.

Nimeamua kujitengenezea yangu. Nitanunua ufito mtupu, ule usio na mshikio wala vipete vya kupitishia mshipi, ambao mafundi wake huuita blanki, kisha kazi iliyobaki nitaifanya mwenyewe, kwa sababu gundi, msasa na subira ninavyo tayari. Nimevutiwa na ufito wa nyuzi za kaboni wa futi 9, namba 5 (yaani wa mshipi wa namba hiyo), mkakamavu kuliko wote ninaoweza kuumudu, maana kila muuzaji anasifia ukakamavu. Swali langu la pili msilicheke: hivi siwezi kutumia mianzi yetu hii hii?

Mzee wa Usa River

Bwana Seremala, swali la mianzi si la kuchekwa hata kidogo, kwa kuwa kabla ya kaboni na faibaglasi fimbo nzuri zilitengenezwa kwa mianzi, na wapo wanaozitengeneza hadi leo. Hata hivyo mwanzi wao ni wa aina moja unaotoka Guangdong, China, ambao nyuzi zake ngumu zimesongamana karibu na ganda. Huchanwa, hurandwa kuwa vijiti sita vya pembe tatu vinavyopungua unene kwa vipimo vidogo kuliko unene wa karatasi, kisha huunganishwa kwa gundi kuwa fimbo moja yenye pande sita. Wewe ni seremala na utaiweza siku moja, lakini fimbo ya kwanza isiwe hiyo.

Sasa nije kwenye ukakamavu, ambapo naona umeanza kupotea. Ufito mkakamavu hupinda kwenye ncha tu, wa kati hupinda hadi karibu na nusu yake, na mlaini hupinda mpaka mkononi. Katika uvuvi huu nzi hana uzito wowote wa kumpeleka mbali. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, na uzito wa mshipi ndio unaoupinda ufito ili nao ukijinyoosha uurudishe mbele. Namba ya mshipi hutokana na uzito wa futi 30 za mwanzo, ukiacha kile kipande cha ncha ambacho unene wake haubadiliki. Mshipi namba 5 unapaswa kuwa na greni 140 katika futi hizo 30, yaani gramu 9 na kidogo. Ufito ulioandikwa namba 5 umekusudiwa kupindwa na uzito huo.

Swali langu kwako ni hili: ukisimama katika mto wako wa Machame, ni futi ngapi za mshipi zinazotoka nje ya ncha ya fimbo?

Seremala wa Majengo

Shikamoo, mzee wangu. Nikikadiria kwa jicho la fundi, ni futi 15, zikizidi sana 20. Mto una upana wa mita 4 hivi, na nyuma yangu ni miti na migomba.

Mzee wa Usa River

Marahaba. Basi jibu umelitoa mwenyewe. Futi 15 za mshipi hazifikii hata gramu 5, na ufito mkakamavu wa namba 5 hautausikia uzito huo. Utakuwa unapunga fimbo ya mifugo. Tafuta ufito wa mwendo wa kati, yaani ule unaopinda hadi karibu na nusu yake, na upunguze urefu.

Dada wa Njiro

Naunga mkono, na naongeza kilichonikuta. Niliagiza ufito wa kaboni ghali kwa duka moja la mtandaoni ambalo sitalitaja, nikiamini kwamba kadiri kaboni inavyokuwa ngumu ndivyo inavyokuwa bora. Ni kweli kwamba kaboni ngumu zaidi humwezesha mtengenezaji kupunguza unene wa kuta, hivyo ufito ukawa mwepesi mno mkononi, lakini wembamba huohuo unaufanya usivumilie kugongwa. Wangu uligongwa na nzi mzito mwenye risasi nilipokosea kurusha. Haukuonyesha alama yoyote siku hiyo, ila wiki mbili baadaye ulikatika palepale, huku nikivuta samaki asiyezidi kiganja.

Siku hizi natumia faibaglasi ya futi 7 na nusu. Ni nzito kidogo, na hairushi mbali, lakini hupinda taratibu mpaka mkononi hata kwa mshipi mfupi, na nikianguka nayo kwenye mawe simwiti mtu aje anifariji. Kwa mito yenye miti ningekushauri faibaglasi bila kusita.

Mvuvi wa Bwawani

Mimi napingana nanyi kwa heshima. Fimbo moja ndiyo atakayokuwa nayo, na mtu wa Moshi atakosaje kushuka Nyumba ya Mungu kufuata perege? Kule bwawani hakuna mti wa kukuzuia, kuna upepo, na anayeshindwa kutupa futi 50 anaosha mshipi tu. Futi 9 za kaboni zitamfaa kote kuwili.

Mzee wa Usa River

Zitamfaa bwawani na kumsumbua mtoni. Ameshasema Jumamosi zake anazimalizia wapi. Bwana Seremala, kabla hujatoa hata shilingi, upime huo mshipi ulioachiwa, kwa sababu maandishi ya rili hayasemi kilichozungushiwa ndani yake. Vuta futi 30, ambazo ni mita 9 na sentimita 14, uzikunje kama kamba, uziweke kwenye mzani wa sonara bila kuzikata.

Seremala wa Majengo

Nimefanya kama mlivyoelekeza. Nilitandaza mshipi kwenye korido ya karakana, nikaupima kwa tepu, nikatia alama kwa uzi mwekundu, kisha nikaenda nao kwa sonara pale mjini. Alinitazama sana kabla ya kuniwekea mzani. Kwenye rili imeandikwa 5, lakini mzani umesema gramu 10.4.

Mzee wa Usa River

Hiyo ni greni 160, ambayo ni namba 6 kamili. Nashukuru umepima.

Usihangaike, wala usinunue ufito wa namba 6 kwa sababu hiyo tu. Namba zote hizi zimehesabiwa kwa futi 30 zilizo nje, ilhali wewe unatoa 20. Futi 20 za mshipi namba 6 zina uzito mdogo kuliko futi 30 za namba 5, kwa hiyo ufito wa namba 5 utazibeba bila kulemewa, tena utapinda vizuri zaidi kwa umbali wako kuliko ungepindwa na mshipi wake halali. Ushauri wangu ni futi 8, namba 5, mwendo wa kati, vipande vinne. Iwe kaboni ya kawaida au faibaglasi ya Dada wa Njiro, zote sawa. Mfuko wako ndio utakaoamua. Vipande vinne vya futi 8 vina urefu wa sentimita 60 na ushee kila kimoja, navyo huingia kwenye begi la mtu anayetoka safari. Ukiagiza kwa posta, dai bomba gumu, na uweke kando fedha za ushuru pamoja na VAT ya asilimia 18.

Ufito ukifika, unganisha vipande, uangalie kama unavyoangalia ubao uliopinda, jicho moja likiwa limefumba. Sikiliza maungio: ukiutikisa ukasikia mlio wa kugonga, urudishe. Na usije ukakata ncha ukidhani unaufupisha tu, kwa sababu kilichobaki kitakuwa kigumu zaidi na kitahitaji mshipi mzito zaidi.

Dada wa Njiro

Kabla hujaagiza kiti cha rili, yaani kipande cha kushikilia rili kwenye fimbo, na vipande vya koki (gome jepesi la vizibo) vya mshikio, uliza kipenyo cha shina la ufito kwa milimita. Vipete hesabu kimoja kwa kila futi na uongeze kimoja, bila kile cha ncha. Gundi ya epoksi ya kufunikia nyuzi zinazofungia vipete lazima izungushwe polepole inapokauka, la sivyo itatuama upande mmoja na kuganda kama chozi. Mimi hutumia mota ya jiko la kuku wa kuzungusha, na mume wangu bado hajui ilikoenda.

Seremala wa Majengo

Nimewaelewa, na nawashukuru wote, pamoja na Mvuvi wa Bwawani, ambaye nitaazima fimbo kwake siku nikishuka Nyumba ya Mungu. Nimeagiza faibaglasi ya futi 8, namba 5, vipande vinne. Shemeji yangu atakuja nayo mwezi ujao.

Limebaki jambo moja. Kiti cha rili nataka nikichonge mwenyewe. Nina mabaki ya mpingo na ya mninga. Mpingo unanivutia kwa rangi, ila nahofia uzito.

Mzee wa Usa River

Rili inakaa nyuma ya mkono, kwa hiyo uzito kidogo pale hauharibu kitu, na faibaglasi ina ncha nzito inayohitaji wa kuisawazisha. Chonga mpingo. Toboa tundu kwanza ukiwa bado una gogo la mraba, ndipo ulikereze, maana ukianza na kukereza utapasua.

Seremala wa Majengo

Nimeshapasua kimoja asubuhi ya leo. Naanza cha pili.