Tupeane uzoefu: Kuuza nyumba ya kizamani, unamsaidiaje mnunuzi aone itakavyokuwa?

KitasaKizee (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naongelea nyumba iliyo imara lakini sura yake imepitwa: bafu lina vigae vya waridi, jikoni kabati nyeusi za mbao, zulia kila chumba, dari ya mbao iliyopigwa vanishi mpaka imegeuka rangi ya chai. Mnunuzi anaingia, anazunguka dakika tano, anasema "tutawasiliana", na ndiyo mwisho wake.

Tupeane uzoefu wa kumwonyesha nyumba hiyo itakavyokuwa bila muuzaji kuikarabati yote. Tafadhali njooni na vipimo na hatua. "Paka nyeupe utauza" tumeshaisikia sana.

Dalali_Mpole

Mkuu, tuanzie hapa: wanunuzi wengi hawashindwi kuona uzuri. Wanachoshindwa kuona ni gharama. Mtu akikutana na kitu asichojua bei yake kukirekebisha, anakipangia bei kubwa kuliko hali halisi, kisha anakata kiasi hicho kwenye ofa au anaondoka kabisa. Kwa hiyo kabla ya picha za kuvutia, andaa karatasi moja ya mchanganuo wa gharama.

Ita mafundi wawili au watatu waje wapime wenyewe, kila mmoja atoe makadirio ya maandishi yenye tarehe, bei ya vifaa na ya ufundi zikiandikwa kila moja peke yake. Kisha panga kazi zote kwenye safu mbili: "lazima kabla ya kuhamia" na "inaweza kusubiri". Safu ya kwanza ni paa linalovuja, nyaya, mabomba, maji taka. Ya pili ni kabati, vigae, sakafu, rangi. Mnunuzi akiona vigae vya waridi vimekaa kwenye safu ya pili, anapumua. Ongeza chini mstari wa akiba ya dharura, asilimia 10 hadi 20 ya jumla. Kwa nyumba ya zamani nenda karibu na 20, maana ukuta ukishafunguliwa huwa haukosi jambo.

Makadirio yabaki kwa jina la fundi aliyeyatoa. Dalali au muuzaji akiandika kiasi kichwani mwake, halafu kazi ikazidi, lawama na pengine kesi vinamrudia yeye.

FundiUmeme_77

Naongezea upande wa nyaya, kwa sababu huko ndiko hofu ilipo. Mlete fundi mwenye leseni akague na kuandika mambo manne: nyaya ni za aina gani (zile kuukuu zenye ganda la mpira hukauka na kumeguka), waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme unaovuja) upo kwenye soketi zote au hakuna, bodi ni ya fyuzi za kusuka au ya swichi za kisasa, na kama ipo swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Ripoti ya ukurasa mmoja inatosha. Hata ikisema nyaya zote zibadilishwe, ni afadhali kuliko mnunuzi kukisia.

Mhandisi_Nguzo

Sentensi inayoharibu mauzo mengi ni hii: "Huu ukuta unaubomoa tu, sebule inaungana na jikoni." Nani kasema?

Kugonga ukuta na kusikiliza mlio si kipimo. Unene peke yake nao si kipimo. Panda darini uangalie paa limekaaje. Kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zikivuka kutoka ukuta wa nje mpaka ukuta wa nje bila kuegemea katikati, ukuta wa ndani mara nyingi haubebi paa, ingawa unaweza kuwa unazuia ukuta mrefu usiyumbe. Paa la zamani lililokatwa na kuungwa palepale mara nyingi lina vijiti vinavyoteremka na kukaa juu ya kuta za ndani. Huo ukuta unabeba. Kama kuna ghorofa juu, angalia pia ukuta wa juu umesimama wapi na boriti za sakafu zinalala upande gani.

Hayo yote ni ya kukupa fununu. Mwenye neno la mwisho ni mhandisi, kwa barua iliyosainiwa. Barua hiyo iseme ukuta unaweza kutolewa au la, boriti itakayowekwa ina kina gani, na itaegemea wapi. Iweke mezani siku ya kuonyesha nyumba. Mnunuzi mwenye barua ya mhandisi mkononi anapiga mahesabu. Asiye nayo anaota tu, halafu fundi wake anamtisha kesho yake.

Na usimwandikie mtu "inaweza kuongezwa ghorofa" kama msingi haujachunguzwa na kibali hakijaulizwa.

KitasaKizee

Asante mhandisi. Na kama mnunuzi hajui kusoma ramani?

Mchora_Mistari

Mchoree mbili, zikae kando kwa kando: ilivyo sasa na inavyoweza kuwa. Kipimo kiwe kilekile, kaskazini kuwe upande uleule, milango iwe na tao la kufungukia. Kwa 1:100 sentimita moja ni mita moja, nyumba ya mita 12 kwa 14 inaingia vizuri kwenye karatasi ya A4. Ukitaka 1:50 chukua A3, hapo unaweza kuchora na fanicha.

Fanicha ndiyo inayomfundisha asiyejua ramani. Kitanda cha sentimita 150 kwa 200 chenye nafasi ya 60 kila upande kinakula mita 2.7 za upana. Chumba cha mita 3 kinakipokea, na hapo mnunuzi ameelewa bila kuambiwa. Kuta zinazobeba zijazwe nyeusi, zisizobeba ziachwe wazi. Onyesha pia bomba kuu la maji taka limeshuka wapi, kwa sababu choo kinachohamishwa mbali nalo kinahitaji mteremko, na mteremko unakula kina cha sakafu. Mchoro mzuri wa "inavyoweza kuwa" huacha choo na sinki karibu na mahali vilipo.

Pima kwa kifaa cha leza, kila chumba pande zote nne pamoja na mishazari, yaani kona hadi kona ya mkabala. Mishazari miwili ikitofautiana, chumba si mraba kamili, na kabati za kiwandani hazitakaa bila kujazia pembeni. Nyumba za zamani ndivyo zilivyo.

PichaSafi

Nije kwenye picha.

Kamera isimame usawa wa kifua, mita 1.2 hadi 1.4. Jikoni panda kidogo ili uso wa meza ya kazi uonekane, maana wenyewe uko kama sentimita 90. Mistari ya wima ya milango na kona ibaki wima. Ukiinamisha kamera, kuta zinaonekana zinaanguka. Lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili inatosha vyumba vingi. Ile lenzi pana kabisa ya simu inavuta pembe, friji inanenepa, chumba kinaonekana ukumbi. Mnunuzi akifika anajiona ametapeliwa kabla hata hujamsalimia.

Taa: badilisha balbu zote za chumba kimoja ziwe rangi moja, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga, kimeandikwa kwenye boksi la balbu) 2700 hadi 3000 sebuleni na vyumbani, kama 4000 jikoni na bafuni. Nyumba ya kizamani yenye balbu moja ya njano na nyingine ya bluu inaonekana chafu hata ikiwa imeoshwa.

Sasa picha za kubuni, zile za kuweka fanicha na rangi mpya kwa kompyuta. Zinasaidia sana, hasa kwa chumba kitupu, kwa sababu chumba kitupu huonekana kidogo kuliko kilivyo. Lakini zina masharti. Picha ya kubuni na picha halisi zikae pamoja, pembe ileile. Maneno "picha ya kubuni" yaandikwe juu ya picha yenyewe, si kwenye maelezo tu, kwa sababu picha husambazwa peke yake. Usifute ufa, doa la maji, nguzo ya umeme nje ya dirisha, wala soketi. Badilisha vinavyobadilika: rangi, sakafu, mapazia, milango ya kabati. Kagua pia ukubwa: sofa ya mita 2.2 ikiwekwa kwenye ukuta wa mita 2.4 wenye mlango pembeni, mlango hautafunguka, na mwenye jicho ataliona hilo. Kivuli cha fanicha kifuate dirisha lilipo.

Bafu la waridi usilifiche. Lipige picha likiwa safi, lipo kavu, kifuniko cha choo kimefungwa. Asiyeliona mtandaoni ataliona mlangoni, na atajiuliza ni nini kingine kimefichwa.

Brashi_na_Msasa

Kuhusu rangi, kabla ya kununua kopo piga hesabu. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha 2.7: mzunguko mita 15, mara 2.7 ni mita za mraba 40.5. Toa mlango na dirisha, unabaki na kama 37. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 74. Lita moja kwenye lipu laini inafunika mita za mraba 10 hivi, kwa hiyo lita 7 na nusu. Dari hesabu yake ni mbali.

Kinachoharibika zaidi kwenye nyumba kuukuu ni rangi ya maji kupakwa juu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Inakauka vizuri, siku ya kuonyesha nyumba inapendeza, halafu inabanduka kama ngozi ya nyoka. Jaribu kwanza: loweka kitambaa kwa spiriti, sugua sehemu iliyojificha. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, mara nyingi ni ya maji. Ikigoma, ichukulie ni ya mafuta. Hapo unaosha, unapiga msasa mpaka mng'ao uondoke, unapaka praima ya kushikisha, ndipo rangi. Angalizo: rangi za zamani sana zinaweza kuwa na madini ya risasi. Usipige msasa mkavu kabla ya kupima, vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto.

Ukuta wenye unyevu usiupake kabisa. Tafuta chanzo: gata iliyoziba, bomba, udongo wa nje uliopanda juu ya usawa wa sakafu. Ukifunika tu, malengelenge na chumvichumvi vitatokea tena, safari hii ukionekana ulikusudia kuficha.

MamaMipango

Jamani mbona hamjataja harufu? Zulia la miaka mingi, moshi wa sigara, mapazia mazito. Toa mapazia yote, osha kuta na dari kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, fungua madirisha siku kadhaa. Manukato ya kupuliza yasitumike, mtu anauliza kinachofunikwa ni nini. Na bawaba zipakwe mafuta, vitasa vikazwe, mlango unaolia unaizeesha nyumba nzima.

Ila napendekeza pia chumba kimoja kikarabatiwe kabisa kiwe cha mfano.

Dalali_Mpole

Hapo napingana nawe dada. Chumba kimoja kikishang'aa, vingine vinaonekana vibaya kuliko vilivyokuwa. Na ukichagua jikoni au bafu, umetumia pesa nyingi kwenye ladha ambayo mnunuzi anaweza kuing'oa. Afadhali ubao wa sampuli: kipande cha kigae, kipande cha meza ya jikoni, mlango mmoja wa kabati uliopakwa rangi mpya, na rangi mbili za ukuta. Uweke jikoni kwenyewe, kwenye mwanga wa dirisha. Mpangilio mmoja tu, ukimpa mitano anaanza kuchanganyikiwa tena.

MamaMipango

Mlango mmoja wa kabati nakubali, hauna gharama. Ila sehemu ya kuingilia mimi bado ningeikamilisha: rangi, taa, kitasa. Hiyo haishindani na chumba chochote.

Dalali_Mpole

Kwa hilo sina ubishi.

SakafuImara

Zulia: funua kona moja iliyojificha, ndani ya kabati kwa mfano, uone kilicho chini. Kukiwa na mbao nzima au terazo, kunja zulia sehemu ya nusu mita hivi, safisha sakafu, iache wazi ionekane. Usibandue chumba kizima kwa pupa. Utakuta misumari, gundi na mabaka, na umegeuza sifa kuwa kasoro. Ukikuta vigae vya plastiki vya mraba wa inchi 9 na gundi nyeusi chini yake, simama. Vya aina hiyo vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi ambazo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Visikwanguliwe wala kupigwa msasa mpaka sampuli ipimwe.

KitasaKizee

Na tangazo liandikweje? "Ina uwezo mkubwa" linatosha?

Dalali_Mpole

Hilo halina maana yoyote, kila gofu linatangazwa hivyo. Andika kitu kinachopimika: "Dari mita 3. Jikoni mita 3 kwa 4, ukuta kati yake na sebule haubebi mzigo, barua ya mhandisi ipo. Sakafu ya mbao chini ya zulia. Bafu na jikoni ni vya asili, vinafanya kazi. Makadirio ya mafundi yanapatikana." Mnunuzi wa nyumba iliyokamilika atapita, na apite, amekuokolea muda.

Mchora_Mistari

Siku ya kuonyesha, tumia tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Jikoni bandika sakafuni mstari wa meza mpya ya kazi, kina sentimita 60, acha njia ya mita 1 hadi 1.2, kisha bandika mraba wa mlango wa jiko la oveni ukiwa wazi. Mwambie mnunuzi asimame hapo ndani, ageuke. Kwenye ukuta unaoweza kutolewa bandika mistari miwili ya wima mahali uwazi utakapoanzia na kuishia, na mmoja wa mlalo chini ya dari kuonyesha boriti itakaposhuka, tuseme sentimita 30. Huo wa mlalo usiuache. Wengi hudhani dari itakuwa moja bapa mpaka mwisho.

Brashi_na_Msasa

Na tepu itolewe ndani ya muda ulioandikwa kwenye ganda lake. Ile ya kawaida ikikaa siku nyingi, hasa inapopigwa na jua, gundi inabaki ukutani, na kwenye mbao zenye vanishi kuukuu inaondoka na vanishi. Ivute polepole, ikunjwe kurudi nyuma, usiichomoe kwa nguvu.