Mjadala: "Yes" na "No" vilistahili kuwa vitufe?

MWANZISHA MADA

Wakuu, naomba tubishane kistaarabu. Kile kidirisha cha Yes, No, Cancel cha Windows za zamani, mimi nasema ni uzembe uliogeuka desturi, na sisi Waswahili umetuumiza kuliko wenye Kiingereza chao.

Mwaka 2001 niliandika programu ya ada za shule kwa lugha ya Visual Basic 6. Nikajitutumua, ujumbe wote nikauweka kwa Kiswahili. Karani akitaka kufunga fomu kabla ya kuseivu, kinatokea kidirisha: "Hutaki kuhifadhi?" Chini yake Yes, No, Cancel. Vitufe vile sikuwa na uwezo wa kuvibadili, maana MsgBox, amri ya Visual Basic ya kutoa kidirisha cha ujumbe, haikupi pa kuandika neno lako kwenye vitufe. Unachagua seti, mfano vbYesNoCancel, na maneno yanaletwa na Windows kwa lugha yake. Kinachorudi kwako ni namba: 6 ni Yes, 7 ni No, 2 ni Cancel.

Nami nilikuwa nimeandika kwamba 6 iseivu. Sasa karani wetu ni mama wa Kitanga. Mwulize "Hujala?" naye ana njaa, atakujibu "Ndiyo, sijala." Akiwa ameshiba: "Hapana, nimekula." Kwa hiyo kwa "Hutaki kuhifadhi?" jibu lake lilikuwa hapana, nataka! Akabonyeza No. Ikarudi 7, fomu ikajifunga, risiti za asubuhi nzima zikaenda na maji.

Kama vitufe vingesomeka "Hifadhi" na "Usihifadhi", swali lingeweza kuandikwa kichwa chini miguu juu na bado mama asingepotea. Kwenye Macintosh, tangu 1984, vitu vya kidirisha viliorodheshwa katika rasilimali (data inayokaa ndani ya programu) iitwayo DITL, kila kitufe na maneno yake. Kwa kuwa neno unaliandika mwenyewe, kuandika kitenzi hakukugharimu chochote cha ziada. Windows ndiyo iliyotuzoesha njia ya mkato.

JIBU LA KWANZA

Mkuu, pole na risiti, lakini kosa ni lako. Nani alikutuma uulize kwa kukanusha? Ungeandika "Unataka kuhifadhi?" tusingekuwa hapa.

Halafu vitenzi unavyovisifia navyo vina mitego. Apple walipokuwa wanaijaribu kompyuta yao ya Lisa, kitufe cha kukubali kiliandikwa "Do It". Kwa herufi zile za skrini, I kubwa ilifanana na l ndogo, mtu akasoma "Dolt", yaani bozi, akakasirika kwa nini kompyuta inamtukana. Wakaishia kuweka OK. Neno fupi lisilo na maana kubwa, na likafanya kazi!

JIBU LA PILI

Mwanzisha mada anahukumu mwaka 1985 kwa macho ya leo. Windows 1.0 ilitakiwa iende kwenye mashine ya kilobaiti 256. Kutengeneza kidirisha chako mwenyewe ilikuwa shughuli. Unaandika kiolezo kwenye faili la RC (la kuorodhesha rasilimali za programu), unapanga kila kitu kwa vipimo vya kidirisha (mlalo ni robo ya upana wa herufi, wima ni thumni ya kimo chake), kisha unaandika msimbo wa kupokea taarifa za Windows: WM_INITDIALOG kidirisha kinapofunguka, na WM_COMMAND kitufe kinapobonyezwa. Yote hayo ili uulize swali moja? MessageBox, kidirisha cha ujumbe kinachokuja tayari na Windows, ni mstari mmoja. Na kuna aina yake iliyowekwa mahususi ili ujumbe wa hitilafu utokee hata kumbukumbu ikiwa imebanwa. Ungetaka nao usubiri vitenzi vya kila mtu?

Faida nyingine: Windows ikishatafsiriwa mara moja, vitufe vya programu zote vinafuata.

JIBU LA TATU

Vinafuata Windows, ndugu yangu, havifuati swali. Ndiyo maana jamaa alipata swali la Kiswahili na vitufe vya Kiingereza ndani ya kidirisha kimoja.

Na msije na hoja ya nafasi. Kitufe cha kawaida cha Windows 95 kina upana wa vipimo vya kidirisha 50, yaani herufi kama 12. "Usihifadhi" ina herufi 10. Mwingereza ndiye anayehitaji maneno mawili.

MWANZISHA MADA

Jibu la kwanza, nakubali nusu. Swali nililiandika vibaya. Ila nililiandika nikiwaza Kiingereza kwa sababu vitufe vilikuwa vya Kiingereza, ndipo mtego ulipokuwa.

Jibu la pili, hoja ya kumbukumbu naipokea kwa 1985. Sasa nieleze: TaskDialog, aina mpya ya kidirisha inayokuruhusu kuandika maneno yako kwenye vitufe, ilikuja na Windows Vista, iliyoingia madukani mwanzoni mwa 2007. Mashine za wakati wa Windows 95 zilikuwa na megabaiti kadhaa. Miaka yote ile katikati ilikuwa ya nini?

Mama yule hatukumrekebishia programu upesi, nakiri. Tulibandika karatasi pembeni mwa monita, kwa kalamu nyekundu: "NO = INAPOTEA." Mimi nilipoondoka pale bado ilikuwepo, imeshapauka.