Mjadala: Je, dakika tano za mazungumzo humbadilisha mgonjwa?

Tabibu wa Zamu:
Naomba tulijadili jambo hili bila jazba. Linarudi kila mara pendekezo kwamba kila anayeingia chumba cha daktari, hata aliyekuja kwa ajili ya kidole alichojikata, aulizwe habari za sigara, pombe na uzito, kisha afanyiwe mazungumzo mafupi ya kumsaidia kubadili mazoea yake. Napinga kulifanya jambo hili kuwa la lazima. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017, yaliyogusa nchi 67, yalionyesha kwamba katika nchi 18, zenye karibu nusu ya watu wote duniani, daktari hukaa na mgonjwa dakika tano au pungufu. Katika muda huo nimsikilize, nimpime, nimwandikie dawa, halafu nimhubirie? Tena mahubiri yenyewe husimama juu ya uongo. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na siku hizi mgonjwa akinitajia idadi ya chupa anazokunywa mimi huizidisha mara mbili kabla ya kuiandika, kwa kuwa sijamwona asiyepunguza hesabu.

Muuguzi wa Presha:
Daktari, kwa heshima zote, anayehubiri ni wewe uliyechagua neno hilo. Hakuna aliyekutuma kuhubiri. Upo utafiti wa London wa mwaka 1979 ambamo madaktari wa kawaida, katika zahanati zao za kila siku, waliwaambia wavutaji waache, wakawapa kijikaratasi na kuwaarifu kwamba watafuatiliwa. Kama kumbukumbu yangu haijachakaa, mmoja kati ya ishirini aliacha, na mwaka ukapita bila kurudia. Hiyo ni kazi ya dakika moja au mbili, wala hapakuwa na mimbari.

Msema Kweli:
Habari za London nawaachia wenye kuzijua. Kilichonichoma ni hiyo hesabu ya mara mbili. Wakati fulani nilikwenda kliniki kwa ajili ya presha, nikaulizwa ninakunywa chupa ngapi kwa wiki, nikasema nne, na zilikuwa nne kwelikweli, kwa sababu nilikuwa nimezipunguza kutoka kumi na moja na moyoni nilitamani mtu anipongeze. Miezi kadhaa baadaye nilihamishiwa kwingine, faili likafunguliwa mbele yangu, nikaona imeandikwa nane. Nilidhani ni kosa la mwandiko. Leo ndipo ninapojua kwamba huenda ulikuwa utaratibu. Sasa niambie, Daktari, anayesema kweli afanye nini mbele yako? Agawe kwa mbili kabla ya kuingia, ili ukizidisha tupate jibu sahihi?

Tabibu wa Zamu:
Ndugu Msema Kweli, pole, lakini faili lako sikuliandika mimi, na sitabeba mzigo wa mwenzangu nisiyemjua. Nimesema nilichokiona kazini. Nimewahi kumtibu mtu aliyeniapia kwamba hagusi pombe kabisa, ilhali harufu ilikuwa imetangulia kukaa kwenye kiti kabla yake. Ukiona hayo mara mia utajifunza kutoamini, na kutoamini huko kuna wakati kumeokoa maisha ya mtu aliyehitaji kulazwa.

Mpita Njia:
Harufu iliyotangulia kukaa kwenye kiti imenichekesha. Hata hivyo, Daktari, huyo aliyeapa kwamba hagusi kabisa, ukizidisha sifuri yake mara mbili unapata ngapi? Kanuni yako inamwachia mwongo mkubwa apite, halafu inamkamata mkweli mwenye chupa nne.

Kalamu Nyekundu:
Nirejee kwenye swali lenyewe, maana naona linatuponyoka. Kumbukumbu ya Bi. Muuguzi haijachakaa: walioshauriwa, wakapewa kijikaratasi na kuonywa kwamba watafuatiliwa, asilimia 5.1 waliacha mwezi wa kwanza na walikuwa bado hawavuti mwaka mmoja baadaye, ikilinganishwa na asilimia 0.3 ya wale ambao hawakufanyiwa lolote. Waliojaza dodoso tu walifikia asilimia 1.6, jambo linalonifanya nishuku kwamba hata kuulizwa kwenyewe kuna nguvu yake. Lakini geuzeni upande wa pili: takriban 95 kati ya 100 hawakuacha. Kwa pombe hali ni ngumu zaidi. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013, waliopewa matokeo ya kupimwa unywaji wao pamoja na kijitabu hawakutofautiana kwa maana yoyote na walioongezewa dakika tano za ushauri, wala na walioongezewa dakika ishirini. Kama kijitabu kinatosha, foleni ya nini?

Mwanafunzi wa Afya ya Jamii:
Daktari alilalamikia muda, na nadhani hilo lina jibu. Mwaka 2016, huko huko Uingereza, zilichapishwa habari za wagonjwa 1,882 wenye uzito uliokithiri waliokwenda kwa daktari kwa shida nyingine kabisa. Mazungumzo yalichukua nusu dakika. Walioahidiwa nafasi katika kundi la kupunguza uzito, tena wakapangiwa siku hapo hapo kama walikubali, baada ya mwaka walikuwa wamepungua wastani wa kilo 2.43, walioambiwa tu kwamba kupungua kungewafaa afya walipungua kilo 1.04. Walioyaona mazungumzo hayo kuwa hayafai na hayasaidii walikuwa wanne.

Msema Kweli:
Daktari, bado hujanijibu kuhusu mkweli.

Tabibu wa Zamu:
Nimekujibu. Kwa wengi kanuni inasaidia, kwa mmoja mmoja inaumiza, na hivyo ndivyo kanuni zilivyo.

Kalamu Nyekundu:
Hapo, Daktari, siwezi kukutetea, ingawa tuko upande mmoja. Dodoso la maswali kumi la Shirika la Afya Duniani, ambalo hutumika kupima unywaji na lina alama hadi 40, huweka mpaka wa unywaji wa hatari kwenye alama 8. Lilipimwa kwa majibu kama wagonjwa walivyoyatoa, pamoja na aibu na kusahau kwao. Ukiyazidisha, mwenye alama 5 anakuwa na 10, na umemvusha mpaka bila yeye kunywa tone zaidi.

Muuguzi wa Presha:
Naona nusu dakika ya kijana wetu imepita bila kujibiwa, lakini na mimi nimevutwa na jambo hili la uongo. Wagonjwa hupunguza hesabu kwa sababu wamejifunza kinachofuata wakisema ukweli. Hufuata karipio, tena mara nyingine mlango ukiwa wazi na foleni inasikia. Mwanasaikolojia wa Marekani William Miller, aliyeanza kuandika kuhusu njia nyingine ya kuzungumza na wanywaji mwaka 1983, alionyesha pamoja na wenzake miaka kumi baadaye kwamba kadiri mshauri alivyozidi kumbana mnywaji, ndivyo mnywaji alivyokunywa zaidi mwaka mmoja mbele. Mvutaji wa sigara mimi humuuliza hivi: “Kati ya sifuri na kumi, kuacha kuna umuhimu gani kwako?” Akisema nne, simwambii kwamba ni ndogo. Namuuliza kwa nini amesema nne na si moja, kisha nanyamaza. Hapo yeye mwenyewe huanza kunitajia sababu za kuacha: mtoto aliyemwona akikohoa, ngazi zinazomshinda, fedha. Ningemuuliza kwa nini si tisa, angenitajia sababu za kuendelea kuvuta, nami ningekuwa nimemsaidia kuzipanga. Kunyamaza ndiko kulikonichukua miaka mingi kujifunza. Madaktari wengi hawakuwezi.

Tabibu wa Zamu:
Nilikuwa nafuatana nawe hadi sentensi ya mwisho. Madaktari hatunyamazi kwa sababu nje kuna watu arobaini wanaosubiri. Muuguzi mwenye chumba chake na kiti cha pili anaweza kununua ukimya. Mimi nakopa hata pumzi.

Mpita Njia:
Mlianza na mgonjwa, sasa mnagombea kiti.

Kalamu Nyekundu:
Sababu nzuri bado si matokeo, Bi. Muuguzi. Mfano unaotajwa kila mahali ni ule wa Marekani wa mwaka 2002, ambapo kubadili ulaji na mazoezi kulipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Wale hawakupewa dakika tano. Walipewa vipindi 16 vya mtu mmoja mmoja, kisha wakaendelea kufuatiliwa. Kuacha sigara ni jambo moja ambalo mtu huliamua siku fulani; kula ni uamuzi wa kila mlo. Naogopa watunga sera watachukua hiyo asilimia 58 na kuibandika kwenye mazungumzo mafupi kwa kuwa ni ya bei nafuu.

Mwanafunzi wa Afya ya Jamii:
Ndiyo sababu nikasisitiza ile nafasi katika kundi. Nusu dakika hubeba mwaliko wa kwenda mahali pengine, na mahali hapo pasipokuwepo tumempa mgonjwa anwani ya nyumba isiyojengwa.

Tabibu wa Zamu:
Hilo nalikubali, na ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo. Bi. Muuguzi, nina swali dogo: hiyo nne anayoitaja mgonjwa, unaiandika wapi kwenye faili?

Muuguzi wa Presha:
Pembeni ya presha, kwa kalamu ile ile, jinsi alivyoitamka. Mara ijayo naanzia hapo, na akisema tano namwonyesha ile nne.

Msema Kweli:
Na nane yangu, ataifuta nani?