Kupogoa uzio wa minyaa bila kuumiza macho

Mwana-Isimani:
Kamwene wakuu. Uzio wa minyaa umefika mita 4, unaziba jua kwenye mahindi. Nataka kuushusha hadi mita 1.5. Vibarua wamegoma, wanaogopa utomvu. Nifanyeje? Na uyoga unaotoa maziwa ukiukata, nao una sumu hiyohiyo?

Fundi Bustani:
Vibarua wana haki. Maziwa ya mnyaa yamebanwa ndani ya mirija ya ganda, ndiyo maana tawi likikatwa yanaruka badala ya kuchuruzika. Panga ndilo baya kuliko vyote, kila pigo linarusha matone usoni. Tumia msumeno, au mkasi wa kupogolea wenye mikono mirefu. Panda ngazi ili mkato uwe usawa wa kifua, usikate kitu kilicho juu ya kichwa, na upepo utokee mgongoni kwako. Miwani iwe ya kufunika hadi pembeni, ya jua haisaidii. Glovu ziwe za mpira. Za kitambaa zinanyonya utomvu na kuubandika kwenye ngozi. Ajali nyingine lakini haziji wakati wa kukata, zinakuja mtu anapojifuta jasho kwa glovu ileile.

Dada Muuguzi:
Naongezea: kabla ya kuanza, ndoo ya maji safi na kikombe viwe karibu. Utomvu ukiingia jichoni, usisugue. Fumbua kope kwa vidole, mimina maji taratibu dakika 15 hadi 30, kisha hospitali hata kama maumivu yamepoa, maana uoni unaweza kufifia saa kadhaa baadaye. Maziwa ya mama, asali, matone yaliyobaki ya mgonjwa mwingine: hapana. Baadhi ya matone yana steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), na kama kioo cha jicho kimechubuka yanaweza kuharibu zaidi. Kwenye ngozi, sabuni na maji haraka kabla haujaganda. Ukishaganda, ulainishe kwa mafuta ya kula kwanza, ndipo uoshe.

Mzee wa Miombo:
Uyoga ni habari nyingine kabisa. Kwenye miombo yetu upo wa maziwa unaoliwa miaka yote, na upo mkali unaotapisha. Maziwa hayakwambii kitu, si ya usalama wala ya sumu. Kama anayeujua kwa jina hajauthibitisha, uache hapohapo.

Mwana-Isimani:
Asanteni sana. Matawi mabichi niyachome tu?

Fundi Bustani:
Usichome mabichi, moshi wake unawasha macho. Yarundike mbali na mbuzi na watoto mpaka yakauke kabisa. Unayotaka kupanda, kata urefu wa futi moja, yaache kivulini siku 5 hadi 7 mpaka kidonda kifunge. Ukipanda likiwa bado linatoa maziwa, au ukimwagilia sana, litaoza chini kabla ya kutoa mizizi.