Mwingine aandike, seva ikatae, halafu atolewe msomaji? Huu ni wizi wa haki!

Wakuu, leo nina hasira. Anayetaka kunituliza asubiri nimalize.

Nasimamia orodha ya barua pepe ya watu tuliosoma pamoja, kazi ya kujitolea, mwaka wa tisa sasa. Jumatatu nafungua kikasha, nakuta Mailman, programu inayoendesha listi yetu, imenirundikia taarifa 43: fulani amesitishiwa barua kwa kuwa zinarudi mno. Fulani mwenyewe yupo, anwani yake nzima, kikasha hakijajaa. Mama mmoja kanipigia kutoka Ujerumani, "Mwanangu, nimewakosea nini?" Nikakosa la kumjibu.

Mkosaji ni mwenzetu mmoja mwenye mdomo. Wiki nzima alikuwa anabishana kuhusu michango ya harusi, kila siku barua. Na kampuni inayomtunzia barua pepe imetangaza kwenye DMARC (kanuni ya kuzuia watu kuandika kwa jina la mwingine) kwamba barua yenye anwani yake ikishindwa kuthibitika, ikataliwe.

Sasa angalieni inavyokwenda. Listi ikipokea barua yake inabandika jina la listi kwenye kichwa, na chini inaongeza mstari wa jinsi ya kujitoa. Sahihi ya DKIM, ule muhuri wa kidijitali wa kuthibitisha kwamba barua haijaguswa, imeshavunjika hapo, maana kilichosainiwa si hiki tena. SPF, ukaguzi wa kama seva inayotuma imeruhusiwa, inapita, lakini inapita kwa jina la seva yetu, wakati DMARC inataka jina lilingane na la mwandishi. Seva ya mpokeaji inarudisha 550, namba ya kukataa barua. Ingeanza na 4, seva yetu ingesubiri kidogo ijaribu tena. Ikianza na 5 ni hapana ya moja kwa moja.

Na Mailman haiulizi hapana hiyo ni ya nini! 550 ya "hapa hakuna mtu wa jina hilo" na 550 ya "simwamini aliyeandika" kwake ni mamoja. Inamwandikia mpokeaji pointi moja kwa siku, zikifika tano anasitishiwa. Kwa hiyo siku tano za mdomo wa mtu mmoja, watu 43 nje. Ni kama posta ifunge sanduku lako kwa sababu aliyekuandikia hakubandika stempu.

Msiniambie ni jambo geni. Aprili 2014 Yahoo waliweka amri hiyo ya kukataa, AOL wakafuata mwezi huohuo, na listi zikaumia dunia nzima kwa mtindo huuhuu. Mailman wakatoa toleo la 2.1.18 mwaka huohuo: barua ya mtu wa aina hiyo inaandikwa "Fulani kupitia listi" na anwani inakuwa ya listi. Dawa chungu kidogo (ukikosea kujibu, deni lako linasomwa na ukoo mzima) lakini ni dawa.

Sisi hatuipati. Kampuni tunayokodi seva yake imefunga sehemu hiyo ya mipangilio. Nimewaandikia mara tatu. Jibu la tatu, nanukuu kwa uchungu: "Waambie wanachama wenu wapunguze barua kwenye vikasha vyao." Vikasha! Nimewatumia ujumbe wenyewe wa kukataliwa, neno DMARC limeandikwa pale kwa herufi kubwa, bado wananiambia vikasha. Hivi anayejibu anasoma, au anabonyeza tu?

Na tunalipa kila mwaka, kwa wakati.

Mwenye kuijua kampuni inayomwachia msimamizi wa listi mipangilio yote, na bei isiyoua, aitaje hapa. Mkisema tuhamie WhatsApp, wazee wetu nusu hawataki, na kumbukumbu za miaka tisa sizitupi.

Kwa sasa nawarudisha watu kwa mkono, mmoja mmoja. Nimefika wa 19. Na yule bwana kaandika tena asubuhi hii.