MJADALA: Wavuvi wa mdomo wa Msimbazi wazuiwe, au wanaotiririsha sumu ndio wabanwe?

Mleta mada:
Wakuu salaam. Kwenye grupu letu la mtaa jamaa kashauri wavuvi wote wanaotega pale mto Msimbazi unapoingia baharini hapa Dar, upande wa daraja la Selander, waondolewe maana samaki wao wana sumu. Napinga. Sio kwamba sumu haipo, mto unatoka milima ya Pugu unakatiza Vingunguti hadi Jangwani, njiani unazoa maji ya viwanda, oili chafu za gereji, vyoo vinavyotapishwa mvua ikinyesha, vyote vinaishia kwenye mikoko ambako ndio samaki wadogo wanakulia. Sasa mvuvi akiondoka, hayo maji yanaacha kushuka?

Mkaanga samaki, Feri:
Mie nanunua mnadani hapa soko la samaki Feri alfajiri, hakuna anayeniambia changu huyu katoka wapi. Nafunua shavu, nikiona matamvua mekundu najua samaki mbichi, nachukua. Ukizuia Selander watavua kwingine, samaki watachanganywa palepale.

Baba wa wawili:
Nyie mnatetea biashara. Mimi mke wangu ana mimba, zebaki, ile metali yenye sumu, inapita kwa mama inaenda kwenye ubongo wa mtoto tumboni. Pafungwe kwanza, mengine baadaye.

Mleta mada:
Kaka hofu yako ni ya haki kabisa na pole kwa wasiwasi, ila hapo ndio pa kuangalia vizuri. Zebaki haiozi, inakaa kwenye tope, bakteria wanaigeuza iwe ya kuingia mwilini, kadudu kanaliwa na samaki mdogo, mdogo analiwa na mkubwa, kila hatua inazidi kujaa. Ndio maana papa na nduwaro wa bahari kuu kwa kawaida wanakuwa na zebaki nyingi kuliko dagaa, na hao hawavuliwi Selander! Tena inashika kwenye nyama yenyewe, uoshe kwa ndimu, ukaange mpaka akauke, haitoki, na matamvua mekundu hayakwambii lolote. Kinachokwambia ni maabara tu. Kwa hiyo shemeji ale samaki, ila wadogo wadogo, papa amuache kwa sasa.

Na hiyo "mengine baadaye" ndio inayoniogopesha. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki kwenye ghuba, paka wakaanza kuchanganyikiwa, kisha watu, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956, kiwanda kikaendelea kumwaga hadi 1968. Miaka 12! Watoto walizaliwa na ulemavu mkubwa huku wakubwa wanabishana.

Mtoto wa mvuvi, Kunduchi:
Mnaongelea mlaji tu, samaki mwenyewe je? Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska 1989, utafiti uliofuata ukaonyesha mafuta hata kidogo yanaharibu moyo wa samaki akiwa bado kwenye yai. Sasa oili inayoshuka kwenye mikoko yetu kila siku si inatumalizia samaki kabla hatujatupa nyavu? Halafu mnataka kumfukuza mzee wangu.

Baba wa wawili:
Sawa, nimekuelewa kuhusu papa. Ila bado nasema pale mdomoni pafungwe hata kwa muda.

Mleta mada:
Kwa muda nakubali, kwa masharti: samaki na tope vipimwe, majibu yabandikwe Feri kila mtu asome, mvuvi alipwe siku anazokaa bure, na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa serikali, waanzie kwenye mabomba ya huko juu, sheria ya mazingira ya 2004 wanayo mkononi. Wa Vingunguti na Kigogo mliopo humu, mabomba yanayomwaga usiku mnayajua, semeni yako wapi.